Faini Waliyoninyima

Jumapili, jioni. Biharamulo.

Joto. Septemba inaishia, na mawingu yanakuja kila mchana, yanatuangalia, halafu yanaondoka na mvua yao. Huko mashambani wanachoma nyasi tangu asubuhi na moshi umetanda mpaka huku mjini, macho yananiwasha. Nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, simu mkononi, ungo wa mchicha magotini, na sijachambua hata jani moja.

Nimechoka. Si uchovu ule wa kulala ukaamka umekwisha.

Acha niandike kabla sijawasha moto, labda nitajielewa.

Wiki hii tulikuwa na msiba. Mzee Nkwabi wa nyumba ya tatu kutoka hapa alifariki Jumanne usiku. Alikuwa mzee wa utani mwingi, akiniona na mkungu wa ndizi ananiuliza kama nimekuja kuua watu kwa njaa, maana kwake yeye kisichokuwa ugali si chakula. Mungu amlaze pema.

Kwa wewe usiyejua ninakoishi: mtaa wetu uko pembezoni mwa mji, ukiteremka kutoka sokoni. Mjini wanauita Usukumani. Wazazi wa watu wa huku walikuja na ng'ombe wao kutoka Shinyanga na Mwanza, wakalima kwanza huko Nyamigogo na Nemba, kisha watoto wao wakaanza kusogea mjini mmoja mmoja. Wenyeji wa Biharamulo mpaka leo wanawaita wageni. Wao wenyewe wakisema "nyumbani" wanamaanisha Shinyanga, ambako watoto wao hawajakanyaga. Ukimuuliza mtoto wa huku kwao ni wapi, atakutajia kijiji ambacho hawezi kukuonyesha kiko upande gani.

Mimi si Msukuma. Ni Mhangaza wa Ngara, nimeolewa na Masanja, na binti yetu anaitwa Kabula. Kwa hiyo katika mtaa wa wageni, mimi ndiye mgeni.

Mgeni wa wageni. Cheo hicho sikukiomba.

Jirani wote wa huku kwa pamoja wanaitwa nzengo, na nzengo ina sheria zake ambazo hakuna ofisi iliyoziandika na hakuna mtu anayezisahau. Kubwa kuliko zote ni ya msiba. Mtu akifa, kazi zote zinasimama mpaka azikwe. Hulimi, hufungui duka, huendi kibaruani. Kila nyumba inapeleka kuni na maji, na wanawake wanakuwa msibani tangu kunapopambazuka. Anayevunja sheria anatozwa mchenya, yaani faini ya chakula: mbuzi, unga, na nzengo nzima inakaa kwako inakula. Na mpaka ulipe, hakuna anayekusalimia. Hupewi moto, hupewi chumvi, shida yako ni yako peke yako.

Jumatano asubuhi, Mzee Nkwabi akiwa bado amelazwa ndani, nilifungua kibanda changu.

Nina kibanda cha steshenari karibu na ofisi za halmashauri. Nachapa barua, natoa kopi, nawajazia watu maombi ya kazi mtandaoni. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya kupokea maombi ya kazi fulani, na vijana walikuwa wameshanipigia simu tangu alfajiri. Nikasema nichape kidogo tu, mchana niwe msibani. Na kweli mchana nilikwenda. Nilikaa na wanawake, nikasonga ugali, nikalia, na siku ya pili tukazika.

Jana, baada ya kuondoa matanga, nzengo ikakaa.

Wa kwanza kutajwa alikuwa Mama Minza, jirani yangu wa nyuma ya ua. Jumatano asubuhi alishuka bondeni kumwagilia miche yake ya kabichi, kwa sababu jua lilikuwa linaiua. Alijieleza vizuri mpaka mimi nikamwonea huruma. Haikumsaidia. Mchenya. Akafuata Doto, fundi ujenzi, aliyekwenda kumalizia ukuta wa mtu. Yeye hakujieleza, aliinamisha kichwa tu. Mchenya.

Halafu sauti ikatoka nyuma kwa wanaume: "Na Mama Kabula? Si alifungua duka?"

Nakumbuka niliinua kichwa, nikajiweka sawa kwenye mkeka, na nilikuwa nimeshaanza kuwaza mbuzi tutamtoa kundi gani huko Nyamigogo kwa shemeji zangu.

Mzee Luhende, anayeongoza wazee wa nzengo, alipunga mkono kama anayefukuza inzi.

"Huyo mwacheni. Mgeni huyo, hajui mambo yetu."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kwa upole, na hilo ndilo lililoniumiza. Mama Holo, kiongozi wa wanawake, alinigusa bega na kusema, "Usiogope, mgeni wetu." Wakahamia kwenye mambo mengine, habari za kisima na nani amelaza bomba wazi.

Mimi nikabaki nimekaa na kosa langu, hakuna anayelitaka.

Najua ukisoma hivi utasema huyu mama ana wazimu. Amesamehewa, analia nini? Hata Masanja alisema hivyo. Yeye siku za wiki anakaa Nyamigogo na kaka zake wanakolima na kufuga, anarudi kwetu mwisho wa wiki, na jana aliporudi kutoka kwenye kikao alikuwa anapiga mluzi. Nilipomwambia nimeumia aliacha mluzi.

"Mke wangu, watu wanalia wametozwa. Wewe unalia hujatozwa?"

"Ndiyo."

"Basi mshukuru Mungu, ulale."

Alilala yeye. Leo asubuhi ameondoka na pikipiki kurudi Nyamigogo, bado anatikisa kichwa.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa zamani, tena lenye mpini mrefu. Nimetoka kwa watu wa ndizi, nikajifunza kusonga ugali wa msiba, sufuria ile ambayo mwiko wake unaushika kwa mikono miwili na jasho linakutoka mpaka kisigino. Nimejifunza kupiga goti mbele ya wakwe. Nimejifunza salamu yao ya asubuhi, "mwangaluka", na kujua niseme nini nikiulizwa mimi ni wa nani. Mama mkwe wangu alipougua kitandani, ni mimi niliyemgeuza, nikamwosha, na alifia mikononi mwangu, si mikononi mwa binti zake. Kuni, maji, michango, vikao vya kisima. Hakuna lililonipita.

Mzigo wote nimebeba. Lawama ndiyo wananinyima.

Na kwetu nako? Nikienda Ngara, huko mpakani na Burundi, askari wa kizuizi cha barabarani watapitisha macho basi zima, kisha yatatua kwangu. Wewe, umetoka Burundi? Toa kitambulisho. Nimezoea, natoa, nangoja, wanageuza geuza, wananirudishia bila samahani. Nikifika nyumbani dada yangu ananicheka ninavyoongea. Anasema nimekuwa Msukuma, ulimi umekuwa mzito, hata kutembea natembea kama niko nyuma ya ng'ombe. Chumba nilichokuwa nalala sasa wanawekea maharage. Wananikaribisha vizuri sana, wananipa kiti kile cha wageni, kile chenye kitambaa.

Kiti kile nikikikalia huwa nataka kulia.

Kinachoniogopesha zaidi nitakisema, kwa sababu huku ndani ya shajara hakuna wa kunitania. Mwaka jana alikufa mpangaji mmoja huku mtaani, fundi viatu, mtu wa Kigoma. Alikuwa mtu mwema, wote walimpenda. Nzengo ilichangia gari, wanawake wakamwosha, wakampakia, wakasimama kando ya barabara mpaka gari likapotea. Kisha kila mtu akaenda shambani kwake. Wala hakuna aliyekosea. Mgeni anazikwa na kwao. Nzengo inamzika mtu wake, yule inayeweza kumkasirikia.

Masanja alizaliwa mikononi mwao. Kabula ni mtoto wao. Ndani ya nyumba hii nzima, mtu wa kutafutiwa gari ni mimi.

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi jana. Silo la mbuzi.

Asubuhi kabla ya kanisani nilimkuta Mama Minza nyuma ya ua anaanika nguo. Alikuwa amevimba macho. Tangu jana hakuna aliyemsemesha, hata mke wa mdogo wake amempita kisimani kama anapita kisiki. Mimi nikamwamkia, kwa sababu mimi sikatazwi wala siruhusiwi, siko kwenye hesabu.

Aliitikia taratibu, halafu akasema, "Wewe una bahati, Mama Kabula."

Nikamwambia bahati gani, afadhali yeye. Nilitaka tu kumfariji, lakini alisimama na nguo mkononi akaniangalia, akaona sifanyi mzaha.

"Ni kweli," akasema. "Mimi wamenikasirikia. Wewe, nani amewahi kukukasirikia huku?"

Akaendelea kuanika.

Kanisani sikusikia mahubiri. Niliimba pale walipoimba, nikakaa pale walipokaa. Nilipotoka sikurudi nyumbani, miguu ilinipeleka kwa Mzee Luhende.

Alikuwa uani kwake ameipindua baiskeli, anaziba pancha. Alikuwa amezamisha mpira kwenye beseni la maji, anatafuta tundu linapotoa mapovu, na alikuwa na hasira na mpira huo kuliko alivyowahi kuwa na mtu. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mgeni wetu. Za kanisani?"

"Nzuri. Mzee, nimefuata mchenya wangu."

Alicheka mpaka mpira ukamponyoka. Akamwita mkewe aje asikie. "Mchenya hauombwi, mama! Ukiombwa unakuwa sherehe."

Mkewe akacheka pia, akaniletea kigoda. Sikukikalia. Nikasema nilifungua duka maiti ikiwa ndani, kama Mama Minza alivyokwenda bondeni, kama Doto alivyokwenda ukutani, na sioni kwa nini wao watengwe na mimi niguswe bega.

"Tunajua ulifungua," akasema. Sasa alikuwa anaongea taratibu, kama unavyomwambia mtoto. "Lakini hukujua sheria. Asiyejua tutamwadhibuje? Hata wewe ungetuona wabaya."

Mlango ulikuwa wazi hapo. Ningesema asante mzee, nikaondoka na heshima zangu, na maisha yangeendelea. Nikiwa nimechoka hivi, hakika nilitaka kuondoka.

Nikasema, "Nilijua."

Akauacha mpira ndani ya beseni. "Ulijua nini?"

"Nilijua kazi inasimama. Mama mkwe alinifundisha yote kabla hajaondoka, hata kuni za kupeleka alinionyesha ni zipi. Jumatano nilipotia ufunguo kwenye kufuli nilijua. Nikasema moyoni, watanisamehe tu, mimi ni mgeni."

Sijui kama mtu anaweza kusikia neno lake mwenyewe likianguka. Mimi nililisikia. Maana mpaka nilipolitamka sikuwa nimejiambia ukweli huo hata mimi. Miaka yote nimekuwa nikilalamika wananiita mgeni, na kila palipokuwa na jua kali nimejificha chini ya jina hilo hilo. Siku ya kuchimba mtaro wa maji, mgeni, mwacheni. Kikao kikichelewa, mgeni ana safari, aende. Nililipenda lilipokuwa kivuli, nikalichukia lilipokuwa ukuta.

Nyani haoni kundule, na mimi langu nimeliona leo, tena mbele ya mzee na mkewe.

Mke wa Mzee Luhende aliacha kucheka. Akachukua kile kigoda, akakirudisha ndani. Mzee akaniangalia, na ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia hivyo, jicho lile lile alilomtazama nalo Doto jana, jicho kavu.

"Kwa hiyo ulitudharau," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na msiba wa Nkwabi uliudharau. Mzee aliyekuwa anakutania."

Niliitikia kwa kichwa.

"Nenda nyumbani."

Nikamuaga, hakuitikia. Nilisimama kidogo nikidhani hakusikia, nikaaga tena. Alikuwa ameshauinamia mpira wake.

Nilikuwa nimefikiria, sijui kwa nini, kwamba ningetoka pale nimetua mzigo. Sikutua chochote. Nilijiona mjinga tu, mtu aliyekwenda kuwasha moto kwenye nyumba yake mwenyewe ili aone kama jirani watakuja.

Sasa hivi, kabla sijaanza kuandika haya, amekuja Mama Holo.

Hakuingia. Alisimama pale nje ya ua, yeye ambaye huwa anaingia mpaka jikoni na kufunua sufuria bila hodi. Kabula alimkimbilia, akampigia goti, akamwamkia. Mama Holo hakuitikia. Nilimwona anavyojizuia, maana anampenda sana mtoto huyu, lakini aliangalia juu ya kichwa chake akaongea na mimi, au niseme aliongea na ungo wangu.

"Mbuzi dume, mnene. Unga, na kuni zako mwenyewe. Wako awe mkubwa kuliko wa Mama Minza, kwa sababu yeye aliponzwa na jua, wewe ulijua unachofanya."

Nikasema nimesikia.

"Mpaka hapo, hatujuani."

Akaondoka. Viatu vyake vilipiga chini kwa hasira mpaka kwenye kona, na ile hasira ilikuwa ya kweli. Mama Holo hajui kuigiza.

Nilidhani nitafurahi. Nimetafuta furaha hiyo hapa nilipokaa, sijaiona vizuri. Naona aibu. Naona woga pia, kwa sababu kesho Kabula akitoka shule huwa anakula kwa Mama Holo mpaka nifunge kibanda, na kesho hatakula huko. Kisimani nitasimama peke yangu. Nikiishiwa kiberiti usiku nitalala gizani. Nimempigia Masanja nikamweleza, kwanza alidhani namtania. Mwishoni akasema, "Ulikwenda mwenyewe? Kwa miguu yako?" Nikasema ndiyo. Akasema atamtafuta mbuzi kwa kaka zake, lakini nisimsemeshe mpaka hasira zimwishe. Hata yeye, basi.

Lakini chini ya aibu hiyo yote kuna kitu kimetulia. Sijui nikiite nini. Kesho nikipita njiani na watu wakigeuza uso, nitajua wanamgeuzia nani.

Jua limezama nyuma ya moshi, jekundu, na mchicha bado uko kwenye ungo. Kabula amekuja kukaa kando yangu. Amechukua jani moja akawa analikunja kunja, halafu akaniuliza kwa nini Mama Holo hakuitikia shikamoo yake. Nimemwambia mama yako amefanya kosa kubwa, na watu wamekasirika.

Alilirudisha jani kwenye ungo.

"Watatusamehe?"

"Hapana, mwanangu," nimemwambia. "Safari hii tutalipa."